Malkia mpya wa 1952: nini kilibadilika, na Lamu ilikuwa ya nani?

Tangu Malkia Elizabeth wa Pili alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, na zaidi tangu mwanawe, Mfalme Charles, alipozuru Kenya na kufika Mombasa mwanzoni mwa Novemba 2023, baraza za Mkunguni kule Lamu na za Malindi mjini zimekuwa zikirudi palepale: mwaka 1952. Mmoja atasema Elizabeth alivishwa taji Nyeri. Mwingine atasema mfalme wa Uingereza alipokufa, kila kitu kilianza upya. Wa tatu, kwa uchungu au kwa fahari, atasema alikuwa malkia wetu sisi watu wa mwambao tangu siku hiyo mpaka Uhuru. Kila kauli ina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Lakini hakuna hata moja iliyo sawa, na ya tatu ndiyo iliyotupotosha zaidi, kwa sababu inagusa ardhi tunayoishi juu yake.

Tuanze na maneno. Mfalme ni mtu. Ufalme ni kiti. Waingereza hukiita kiti hicho Taji, na wakisema "mali ya Taji" hawana maana ya kofia ya dhahabu. Mtu wa Lamu hana taabu ya kulielewa jambo hili akifikiria wakfu. Msikiti una maduka matatu na shamba la minazi yaliyowekwa wakfu. Kodi yake inanunua mikeka, inalipa maji na umeme. Msimamizi wa wakfu akifa alfajiri, wapangaji hawaamki wakiwa wenye maduka. Fundi anayedai fedha za dari hajapoteza deni lake. Wala watoto wa marehemu hawagawani minazi. Jina la msimamizi linabadilika, wakfu uko vilevile. Ufalme wa Uingereza unakwenda hivyo. Jumba la Buckingham ni kama wakfu: humpata anayekalia kiti. Lakini majumba ya Sandringham na Balmoral ni mali ya mtu binafsi, na tofauti hiyo ilionekana wazi 1936. Edward wa Nane alipojiuzulu tarehe 11 Desemba mwaka huo, ndugu yake George wa Sita alipata kiti na Buckingham bila kulipa hata senti, ila Sandringham na Balmoral ilimbidi azinunue kwa kaka yake.

Jozi ya pili ya maneno inayochanganywa ni kurithi kiti na kuvishwa taji. Hapa mfano ni harusi zetu. Akidi ikifungwa msikitini, ndoa imepita. Ni dakika chache, mashahidi na mahari. Ngoma, maulidi, kumpamba bibi harusi na kumtoa nje, vyote vinaweza kuja baada ya siku au miezi, na visipokuja kabisa, mke ni mke. Kurithi kiti ndiyo akidi. Kuvishwa taji ndiyo harusi. Elizabeth alirithi kiti tarehe 6 Februari 1952, akavishwa taji katika kanisa la Westminster, London, tarehe 2 Juni 1953, karibu miezi kumi na sita baadaye. Taji lenyewe, lililotengenezwa 1661, lina uzito wa zaidi ya kilo mbili. Na Edward wa Nane hakuvishwa taji hata siku moja, ilhali alikuwa mfalme kamili tangu Januari hadi Desemba 1936, na sheria alizotia saini zilisimama.

Jozi ya tatu ni fupi. Neno letu "malkia" hubeba watu wawili: mwanamke anayetawala kwa haki yake, na mke wa mfalme. Elizabeth alikuwa wa kwanza. Camilla wa leo ni wa pili. Charles akifariki, kiti kinakwenda kwa mwanawe William, hakipiti kwa Camilla. Na mume wa malkia mtawala hawi mfalme, ndiyo maana Philip, mume wa Elizabeth, hakuitwa mfalme maisha yake yote.

Sasa twende Nyeri. Elizabeth, mwenye umri wa miaka 25, alifika Nairobi na mumewe tarehe 1 Februari 1952, kwa niaba ya baba yake aliyekuwa mgonjwa. Kenya ilikuwa kituo cha kwanza cha safari ndefu. Kutoka hapa wangeteremka Mombasa kupanda meli ya Gothic kwenda Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kisha Australia na New Zealand. Posta ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilitoa stempu mbili za kumpokea, ya senti kumi na ya shilingi moja. Ukiiangalia stempu hiyo kwa karibu utaona sura ya Mfalme George, na maneno ya ziara ya kifalme ya 1952 yamepigwa juu yake. Siku tano baada ya kutolewa, mwenye sura hiyo alikuwa maiti.

Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Februari, Elizabeth alikesha Treetops, nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, akitazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku huohuo baba yake alifariki usingizini Sandringham. Mtumishi alimkuta saa moja u nusu asubuhi kwa saa za Uingereza, ambayo huku kwetu ni saa nne u nusu. Saa halisi ya kufa haijulikani, kwa hiyo dakika ya Elizabeth kuwa malkia nayo haijulikani. Huenda alikuwa bado juu ya mti. Habari yenyewe hakuipata Treetops, kama wengi wanavyosimulia. Asubuhi alikuwa amerudi Sagana, kwenye nyumba aliyozawadiwa na koloni la Kenya alipoolewa. London ilitangaza kifo saa nane kasorobo mchana kwa saa zetu. Watu wake waliokuwa Nyeri walipata fununu kupitia waandishi wa habari, wakamwambia Philip, na Philip akampa mkewe habari. Jioni wakaruka kutoka Nanyuki hadi Entebbe, na kutoka hapo hadi London, walikofika tarehe 7.

Kwa hiyo aliyesema alivishwa taji Nyeri amekosea harusi lakini amepata akidi. Kiti kilimfikia akiwa katika ardhi ya Kenya, bila kiapo, bila saini, bila yeye mwenyewe kujua. Sheria yao haitaki nafasi hata ya pumzi moja kati ya aliyekufa na anayefuata.

Kilichofuata ni taratibu za kuandika lililokwisha kuwa. Kwanza aliulizwa atatawala kwa jina gani, kwani baba yake jina lake la nyumbani lilikuwa Albert na akatawala kama George. Yeye akabaki na lake. Siku ileile ya tarehe 6, wakuu wa dola walikutana London bila yeye na kupitisha tangazo la urithi. Tarehe 8 akakaa nao mwenyewe, akala kiapo cha kulinda Kanisa la Scotland, na tangazo likasomwa hadharani. Wabunge wakaapa utii upya, mmoja mmoja. Mahakama iliyokuwa ya Mfalme ikaitwa ya Malkia, na mashtaka yote yaliyokuwa kwa jina la George yakaendelea kwa jina la Elizabeth pasipo kesi hata moja kuanzwa upya. Muhuri mkuu wa marehemu uliendelea kupigwa kwenye hati mpaka mpya ulipochongwa.

Fedha nazo hazikuharibika. Shilingi yenye kichwa cha George iliendelea kununua unga na mafuta ya taa ileile. Thumuni (senti hamsini) zenye sura ya Malkia zilianza kugongwa 1954. Senti kumi na ndururu (senti tano), kwa kuwa zilikuwa na tundu katikati, hazikuwa na mahali pa kuweka sura. Jina la mtawala lilizunguka tundu, na mabadiliko yote ya ufalme kwenye sarafu hizo yalikuwa herufi tu. Wazee wanaozihifadhi bado wanaweza kukuonyesha.

Je, ufalme wenyewe ulikuwa katika hali gani? Hapa ndipo dhana ya "kuanza upya" inapoanguka. Mrithi wa kiti hupokea kama mtu anayekabidhiwa jahazi katikati ya safari: shehena imo, deni la matanga dukani limo, na ubao unaovuja umo vilevile. Uingereza ya Februari 1952 ilikuwa imeshinda vita miaka saba nyuma na bado ilikuwa ikipima chakula kwa vitabu vya mgao. Chai ilitoka kwenye mgao Oktoba 1952, sukari Septemba 1953, nyama Julai 1954. Ilikuwa imekopa Marekani dola bilioni 3.75 na Kanada dola bilioni 1.25 mwaka 1946. Deni hilo lilimalizwa kulipwa mwisho wa Desemba 2006. Malkia alilirithi akiwa na miaka 25, likaisha akiwa na 80. Waziri Mkuu Winston Churchill alimpokea akiwa na miaka 77. India ilikwisha jitawala tangu Agosti 1947. Vita vya Korea na vya Malaya vilikuwa vikiendelea. Na hapa Kenya, ardhi ya nyanda za juu ilikuwa imeporwa na watu wameanza kula viapo vya Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, miezi minane tu baada ya yeye kuondoka Sagana. Treetops ikachomwa moto 1954. Hakuna hata jambo moja kati ya hayo lililoanzishwa au kuzuiwa na kubadilika kwa jina kwenye kiti.

Utaratibu huu laini haukuwa wa asili. Umetengenezwa kwa kukosea. Zamani, amani ya nchi ilihesabiwa kuwa amani ya mfalme, na akifa yeye nayo inakufa: wezi na wenye visasi walipata nafasi mpaka mfalme mwingine atawazwe. Henry wa Tatu alipofariki tarehe 16 Novemba 1272, mwanawe Edward alikuwa mbali akirudi kutoka vita vya msalaba. Utawala wake ulihesabiwa tangu tarehe 20, wakuu walipomwapia, na amani ikatangazwa kwa jina lake ingawa alivishwa taji Agosti 1274. Siku nne zilibaki bila mwenyewe. Vizazi vilivyofuata viliziba pengo hilo. Maofisa nao walipoteza kazi mfalme akifa, hata sheria ya 1707 ilipowaachia miezi sita, na ya 1901 ikaondoa hofu hiyo kabisa.

Kisa cha 1837 kinastahili kukaa nacho kidogo, kwa sababu msomaji aliyesoma mirathi atakielewa kuliko Waingereza wengi. William wa Nne alifariki bila mtoto wa ndoa aliye hai, na mpwa wake Victoria, binti wa miaka 18, akarithi. Lakini tangazo la urithi wake liliweka sharti: haki ya mtoto yeyote ambaye huenda mjane wa mfalme angemzaa imehifadhiwa. Ni fikra ileile ya kuweka fungu la mimba kando kabla ya kugawa urithi. Mtoto hakupatikana. Kilichotokea ni kingine. Tangu 1714 mfalme wa Uingereza alikuwa pia mtawala wa Hanover, Ujerumani. Sheria ya Hanover haikumpa mwanamke kiti maadamu mwanamume wa ukoo yupo. Kwa hiyo siku Victoria aliporithi Uingereza, Hanover ilikatika ikaenda kwa amu yake, Ernest Augustus. Mtu mmoja alikalia viti viwili, na kila kiti kilikuwa na sheria yake ya urithi.

Huku mwambaoni tumeyaona hayo kwa njia chungu zaidi. Masimulizi ya kale ya Pate yanaeleza jinsi Mwana Khadija alivyotawala katika karne ya 18 huku Fumo Luti akidai kiti hichohicho, na watu wakapigana ndani ya mji. Siwa ilikuwepo, pembe ile kubwa iliyopulizwa kumtangaza mtawala. Ila siwa humtangaza aliyekubaliwa, haiwapatanishi wasiokubaliana. Na Zanzibar, Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash aliingia kasri na kushika kiti bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 manowari zao zililipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja, na Hamud bin Muhammad akawekwa.

Lishike jina la Hamad bin Thuwaini, maana ndilo lenye jibu la kauli ya tatu, ile ya kwamba Elizabeth alikuwa malkia wetu watu wa mwambao tangu 1952.

Tarehe 14 Desemba 1895, miezi minane kabla ya kufa, Hamad alikubaliana na Uingereza kwamba itaendesha utawala wa milki yake ya bara ya mwambao, kwa kodi ya pauni 11,000 kila mwaka. Milki hiyo ndiyo tunayoiita ukanda wa maili kumi: maili kumi za baharini, takriban kilomita 18 u nusu, kuanzia maji ya kujaa kwenda bara, tangu mto Umba mpakani mwa Tanzania hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu, Manda na Pate. Malindi, Mambrui, Gedi na Watamu zote zimo. Mwaka 1920 Waingereza walipoifanya Kenya ya bara koloni, ukanda haukuweza kufanywa koloni, kwa sababu haukuwa wao. Ukaitwa himaya. Ndiyo asili ya lile jina refu, Koloni na Himaya ya Kenya: nchi mbili zilizoendeshwa na gavana mmoja.

Chukua nyumba ya mawe iliyopangishwa. Mwenye nyumba ni Sultani. Mpangaji ni Taji la Uingereza. Mpangaji ana funguo, anaweka mazulia, anaamua nani alale chumba gani, na akiwa na nguvu kuliko mwenye nyumba, hata rangi ya ukuta anaibadilisha. Baba wa familia ya mpangaji akifa, bintiye anakuwa mkuu wa nyumba na analipa kodi ileile. Hawi mwenye nyumba kwa sababu ya msiba. Februari 1952 ndivyo ilivyokuwa. Elizabeth alirithi kodi ya pango. Mwenye enzi juu ya Lamu na Malindi alikuwa Sayyid Khalifa bin Harub, aliyeshika kiti Zanzibar tangu 1911, na bendera yake nyekundu ilipepea Mombasa. Wenyeji wa ukanda walikuwa watu wa Sultani walio chini ya ulinzi wa Uingereza, hali iliyo tofauti kisheria na ya mtu wa Nyeri, aliyezaliwa kwenye koloni lenyewe. Liwali na mudiri, yaani wakuu wa utawala wa miji, pamoja na kadhi, walibaki katika utawala kwa sababu hiyo.

Hii haina maana kwamba Sultani alikuwa na sauti kubwa. Amri zilitoka Nairobi na London, na aliyetozwa kodi ya kichwa hakuona tofauti mkononi. Tofauti iko kwenye hati, na hati ndizo zinazoamua nani anaweza kuuza, kutoa au kurudisha nchi. Tazama pia jinsi mkataba ulivyoishi. Upande wa Uingereza walipita Victoria, Edward wa Saba, George wa Tano, Edward wa Nane, George wa Sita na Elizabeth. Upande wa Zanzibar walipita Hamad, Hamud, Ali, Khalifa, Abdullah na Jamshid. Sita kwa sita, na mkataba ni mmoja. Hakuna kifo kilichouvunja, kwa kuwa waliofungana ni viti viwili.

Uliisha kwa mkono wa wenye viti. Mwaka 1961 tume ya James Robertson ilipendekeza ukanda uungane na Kenya, na katika Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, wakakubaliana kwamba siku Kenya itakapokuwa huru, Sultani ataacha enzi yake juu ya mwambao. Siku hiyo ilikuwa tarehe 12 Desemba 1963. Sasa fuata hesabu kwa makini. Kenya huru haikuanza kama jamhuri. Kwa mwaka wake wa kwanza, mkuu wa nchi alikuwa Malkia wa Kenya, Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald, na Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu. Jamhuri ilitangazwa tarehe 12 Desemba 1964.

Kwa hiyo mzee wa Shela au wa Malindi aliyezaliwa 1930 aliishi chini ya Sultani mpaka usiku wa Uhuru, na Elizabeth akawa malkia wa ardhi yake kuanzia siku ambayo wengi wetu tunaikumbuka kama siku ya kuondoka kwake. Mwaka mmoja, basi. Mkoloni alimwendesha tangu kuzaliwa, hilo halina ubishi. Lakini malkia mwenye enzi juu ya mji wake alimpata akiwa na miaka thelathini na tatu na kumpoteza akiwa na thelathini na nne.

Makubaliano ya 1963 yalikuwa na masharti ya kubaki: uhuru wa dini, mahakama za kadhi, kufundishwa Kiarabu watoto wa Kiislamu kadiri iwezekanavyo, na kutambuliwa hati za mashamba zilizokwisha kutolewa mwambaoni. Mahakama za kadhi zimo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170, na mwanamke anayekwenda leo kwa kadhi wa Lamu kudai fungu lake la urithi anasimama mbele ya mahakama ambayo mizizi yake imo katika makubaliano ya kodi ya 1895.